Chipu za ARM na Joto la Kilosa: Kasi Ipi Ihesabiwe?

Apple huwaelekeza wanunuzi wa iPhone kuitumia mahali ambapo joto la hewa ni kati ya nyuzi 0 na 35. Kwa mtu wa London, hiyo 35 ni joto la siku chache za ajabu katika mwaka. Kwa mtu wa Kilosa mjini, inakaribiana sana na mchana wa Novemba wakati mvua za vuli hazijashika. Na kwa dereva wa watalii aliyesimamisha gari juani katika bonde la Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele imeshakipita kiwango hicho mapema kabla ya adhuhuri. Tofauti hiyo ya hali ya hewa inatosha kubadilisha sehemu kubwa ya yale tunayoambiwa kuhusu uwezo wa michoro wa simu na kompyuta mpakato zenye chipu za ARM. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mnunuzi wa Kilosa na Mikumi hana faida kubwa na namba ya kasi ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye boksi. Namba inayomhusu ni ile ya kasi inayobaki baada ya nusu saa ya kazi, kwa kila wati moja ya umeme, katika hewa yenye joto. Usanifu wa ARM ulienea duniani kwa kuheshimu kipimo hicho, lakini maduka yanauuza kwa kipimo kingine.

Tuanze na joto lenyewe, maana ndilo linaloamua. Simu haina feni. Umeme wote unaotumiwa na chipu hugeuka joto, na joto hilo lina njia moja tu ya kutoka, nayo ni kupita kwenye mgongo wa simu na kioo chake hadi hewani. Kiasi kinachotoka hutegemea tofauti kati ya joto la gamba la simu na joto la hewa inayoizunguka. Gamba haliwezi kuachwa lipande litakavyo, kwa kuwa mkono wa mtu huanza kuumia na betri huanza kuharibika. Watengenezaji wengi huzuia simu isivuke nyuzi arobaini na kitu. Tuseme mpaka ni 43. Katika chumba chenye nyuzi 23, tofauti ni nyuzi 20. Katika Kilosa yenye nyuzi 33, tofauti ni 10. Hivyo simu ileile, yenye chipu ileile, inaweza kutoa nusu tu ya joto ililokuwa ikitoa kule, au hata pungufu kidogo ya nusu. Kama kule ilimudu kufanya kazi kwa wati 4 mfululizo, huku haitazidi wati 2, na programu yake itaipunguzia kasi bila kumwuliza mwenye simu. Ndipo mtu husema simu inastaki. Kwa hesabu hiyohiyo, simu inayopelekwa Gairo, mji wa juu wenye baridi uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa hadi 2012, itachangamka bila kubadilishwa chochote. Wapimaji wengi tunaowasoma hupima simu katika vyumba vilivyopoa. Namba zao ni za kweli, ila ni za chumba chao.

Kwa nini basi chipu za ARM ndizo zilizoingia katika simu zote hizi? Chipu ya kwanza ya ukoo huu ilianza kufanya kazi mwezi Aprili 1985 katika kampuni ya Acorn, mjini Cambridge, Uingereza, baada ya kubuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Acorn haikuwa na fedha nyingi. Ilitaka chipu iliyofungwa kwa plastiki ya bei nafuu, na plastiki haivumilii joto, kwa hiyo wabunifu walijiwekea mpaka wa wati moja. Waliogopa kuuvuka hata wakajikuta wamefika takriban sehemu ya kumi yake. Inasimuliwa kwamba katika majaribio chipu hiyo ilionekana ikifanya kazi wakati waya wake wa umeme haujaunganishwa, kwa kunyonya umeme mdogo uliopenya kupitia njia za mawasiliano. Ubahili huo wa umeme ulizaliwa na ubahili wa fedha, nao ndio uliofaa simu zilipokuja. Upande wa michoro ulifuata baadaye: mwaka 2006 kampuni ya ARM ilinunua Falanx ya Norwei, ambayo ndiyo chanzo cha vitengo vya michoro vya Mali vilivyomo katika simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Tanzania. Qualcomm nayo ilinunua teknolojia yake ya michoro kutoka AMD mwaka 2009 na kuiendeleza kwa jina la Adreno.

Ubahili huo unafanyikaje ndani ya kitengo cha michoro? Jibu la kwanza liko katika kanuni ya fizikia ambayo kila mhandisi wa chipu anaijua: umeme unaotumika hupanda sambamba na masafa ya chipu, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ukitaka chipu ikimbie zaidi, lazima uiongezee volti, na hapo gharama hupaa kuliko faida. Mbunifu mwenye busara huongeza idadi ya viini vya michoro na kuviacha vitembee taratibu kwa volti ndogo. Jibu la pili ni la kumbukumbu, na kwangu ndilo zito zaidi. Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mwaka 2014 kwamba kusoma namba moja kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu hugharimu nishati zaidi ya mara 100 ya kuzidisha namba hiyo yenyewe. Hesabu ni rahisi. Ghali ni kuileta namba, kama ambavyo kuosha vyombo ni kazi ndogo kwa nyumba inayochota maji mtoni. Kwa sababu hiyo vitengo vya michoro vya simu, kuanzia PowerVR ya Imagination hadi Mali na vile vya Apple, huigawa picha katika vipande vidogo vya mraba, hukamilisha kila kipande ndani ya chipu, kisha hupeleka nje matokeo yaliyokamilika. Kadi kubwa za michoro za kompyuta za mezani zilikua zikiwa na umeme tele ukutani na feni kubwa, zikajenga barabara pana na ghali za kwenda kwenye kumbukumbu. Chipu ya simu ilikulia katika ukame, na umbo lake lote linaonyesha hivyo.

Sasa ushahidi kwamba kasi ya juu na kasi ya kudumu ni vitu viwili. Mwaka 2020 Apple ilitoa chipu ya M1 katika MacBook Air isiyo na feni na katika MacBook Pro ya inchi 13 yenye feni. Chipu ni ileile. Katika kazi fupi mashine hizo mbili hukaribiana mno, na katika kazi ndefu ile isiyo na feni hubaki nyuma. Mfano wa pili unauma zaidi. Mwishoni mwa 2021 Qualcomm ilitoa Snapdragon 8 Gen 1, iliyotengenezwa na Samsung, na simu nyingi zilizoibeba zikalalamikiwa kwa kupata moto. Miezi michache baadaye, Mei 2022, ilitoka 8+ Gen 1, kwa sehemu kubwa mchoro uleule ila umetengenezwa na TSMC ya Taiwan, na Qualcomm ikatangaza kwamba kitengo cha michoro kimepunguza matumizi ya umeme kwa hadi asilimia 30. Mtu aliyenunua kwa kuangalia idadi ya viini na masafa asingeiona tofauti kubwa mno kati ya chipu hizo mbili. Na Machi mwaka huohuo Samsung ilibanwa na wateja baada ya kugundulika kwamba simu zake za Galaxy S22 zilikuwa zikipunguzia kasi magemu na programu nyingi huku programu za vipimo zikiachwa zikimbie. Kampuni iliomba radhi na kutoa marekebisho, nao wenye kipimo cha Geekbench wakaziondoa simu hizo kwenye orodha yao. Kupunguza kasi ili simu isiungue ni jambo la haki kabisa. Kuficha upunguzaji huo wakati wa kupimwa ni kumnyima mnunuzi kitu pekee alichohitaji kukijua.

Wapo watakaosema hapa kwamba ninaipa ARM sifa isiyo yake. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa sehemu nalikubali. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Emily Blem na wenzake, walilinganisha chipu za ARM na za x86 na kuhitimisha kwamba lugha ya maelekezo ya chipu haiamui matumizi ya umeme. Kinachoamua ni ubunifu wa ndani na lengo alilojiwekea mbunifu. Intel ilithibitisha jambo hilo kwa vitendo Septemba 2024 ilipotoa Core Ultra 200V: chipu ya x86 yenye kumbukumbu iliyowekwa jirani kabisa na hesabu, iliyotengenezwa katika kiwanda cha TSMC, ikaleta michoro mizuri kwa umeme mdogo. Lakini tazama ilivyofika hapo. Ilisogeza kumbukumbu karibu na ikaweka bajeti ya umeme mbele ya kasi, yaani ilifuata njia ambayo wabunifu wa simu walikuwa wakiikanyaga kwa miaka mingi. Jina la ARM halina uchawi. Nidhamu ya wati ndiyo yenye thamani, na kwa muda mrefu ilipatikana zaidi upande wa ARM kwa sababu simu haikuruhusu anasa.

Tugeukie simu zinazouzwa kweli katika maduka ya Kilosa mjini, Kimamba, Dumila na Mikumi. Nyingi si hizo za Snapdragon za bei kubwa. Ni Tecno, Infinix, itel na Samsung za bei ya chini, zenye chipu za MediaTek au Unisoc. Hapa kuna pengo ambalo karibu hakuna muuzaji anayelieleza. Helio G85 ya MediaTek na T606 ya Unisoc zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12. Helio G99, iliyotoka 2022, ni ya nanomita 6. Katika matangazo zote huitwa chipu zenye viini nane, na simu zake zinaweza kuwa na RAM sawa na betri sawa ya 5,000 mAh. Lakini transista ndogo ya kizazi kipya hufanya kazi ileile kwa umeme pungufu sana, na katika nyuzi 33 hiyo ndiyo tofauti kati ya gemu la eFootball linalokwenda sawia hadi filimbi ya mwisho na linaloanza kukwamakwama kipindi cha pili. Betri ya 5,000 mAh ina takriban wati-saa 19. Simu ikila wati 5, inakwisha kabla ya saa nne, ikila 2.5, inapita saa saba. Kama ningepewa nafasi ya kuongeza mstari mmoja kwenye boksi la kila simu inayouzwa nchini, ningeandika nanomita za chipu, na ningeufuta ule wa idadi ya megapikseli.

Mwingine atasema: umeme umefika, kwa nini tuendelee kuhesabu wati? Ni kweli umefika, na ni jambo la kujivunia. Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nguzo katika vijiji ambavyo havikuwahi kuota taa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, miezi michache tu baada ya mgao wa mwishoni mwa 2023. Ukishuka kusini kutoka Mikumi unafika Kidatu, ambako maji ya Ruaha Mkuu yamekuwa yakizungusha mitambo tangu miaka ya 1970, leo kwa uwezo wa megawati 204. Na tangu 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam inapita Kilosa ikielekea Dodoma, ikivuka milima kwa mahandaki. Yote hayo hayabadilishi hesabu ya joto. Megawati 2,115 hazipoozi mgongo wa simu. Tena, mkulima aliye shambani na askari wa wanyamapori aliye doria hawako karibu na soketi, hata kama nyumba zao zina Luku. Na penye nyumba inayotegemea sola, hesabu ni kali zaidi: paneli ya wati 50 kwa siku nzuri huleta kwenye betri wati-saa zisizofika 200 baada ya upotevu. Kiasi hicho huijaza mara tatu mpakato kama MacBook Air ya M1, yenye betri ya wati-saa 50. Mpakato wa magemu unaokula wati 150 ungekimaliza kwa saa moja na dakika chache.

Lipo pingamizi jingine, la kwamba michoro ni mambo ya vijana na magemu, na wilaya ya wakulima haina haja nayo. Nalikataa kabisa. Kwanza, burudani ya kijana wa Kilosa ina thamani sawa na ya kijana wa Masaki. Pili, hesabu zinazochora gemu, yaani kuzidisha na kujumlisha namba nyingi kwa pamoja, ndizo zinazomwezesha mkulima kutambua ugonjwa wa zao kwa kamera. Programu ya Nuru ya PlantVillage, iliyotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Penn State na taasisi ya kilimo ya IITA, ilifundishwa kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha zilizopigwa katika mashamba ya Tanzania, na watafiti wake, akiwemo Amanda Ramcharan, walichapisha kazi hiyo kuanzia 2017. Baadaye ilitumia mfumo mwepesi wa MobileNet ulioundwa kwa ajili ya simu, ikafanya kazi yote ndani ya simu bila bando. Mwaka 2018 FAO iliiunganisha na juhudi za kupambana na viwavijeshi vamizi wa mahindi. Wilaya hii ina kituo cha utafiti cha TARI Ilonga, chenye historia ndefu ya kuzalisha mbegu za mahindi, na mkulima wa jirani anayeinua simu juu ya jani saa saba mchana anaitaka chipu ifanye mamilioni ya hesabu wakati ule hasa ambapo haina mahali pa kutolea joto. Programu nzuri katika chipu inayochemka humwambia asubiri.

Haki inanilazimisha niseme pia kwamba kitengo cha michoro si mlaji pekee. Juani, kioo hupandishwa mwanga hadi mwisho, na mara nyingi ndicho kinachokula zaidi. Ndani ya hifadhi, mbali na barabara kuu ya kwenda Iringa, mtandao hulegea na redio ya simu huongeza nguvu ikitafuta mnara. Mtu anaweza kunijibu kwamba ubora wa chipu unamezwa na hayo mawili. Naona kinyume chake. Bajeti ya joto ni moja kwa simu nzima. Kioo na redio vikichukua wati moja na nusu kati ya wati mbili zinazoruhusiwa na mchana wa Mikumi, chipu inabakiwa na nusu wati, na hapo ndipo chipu bahili inapoonekana. Chipu ya fujo haina nafasi hata ya kuanza.

Kwa upande wa mpakato, tahadhari inahitajika, kwa sababu hapa ahadi zimetangulia mbali. Kompyuta za Windows zenye Snapdragon X Elite ziliingia sokoni Juni 2024. Kwenye karatasi, toleo lake la juu lina michoro ya trilioni 4.6 za hesabu kwa sekunde, dhidi ya 2.6 za M1 ya 2020. Katika matumizi, magemu mengi ya Windows yalienda chini ya matarajio na mengine yakakataa kufunguka, maana yaliandikwa kwa x86 na lazima yatafsiriwe kwanza, huku programu endeshi za michoro zikiwa bado changa. Kwa mtumishi wa ikolojia anayechora ramani za makundi ya tembo, swali la kwanza ni kama programu yake ya ramani imeandaliwa kwa ARM. ArcGIS Pro, kwa mfano, haikuandaliwa kwa Windows ya ARM kompyuta hizo zilipoingia sokoni. Ofisi inayotegemea programu ya namna hiyo isikimbilie ARM kwa sababu ya saa za betri. Shule ya sekondari inayotaka kivinjari, video za masomo na uandishi haina kikwazo hicho, na kwayo mashine isiyo na feni ya kuvuta vumbi la Kilosa ni faida juu ya faida.

Linalobaki ni la wanunuzi wakubwa, na wao wana nguvu kuliko mteja mmoja dukani. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi nchi nzima, na baadaye vishikwambi vikagawiwa walimu. Kwa ununuzi mmoja, chipu za ARM zikafika hadi shule za vijijini. Ununuzi mwingine wa namna hiyo utakuja, wa serikali, wa hifadhi au wa miradi ya kilimo. Masharti ya zabuni yanaweza kudai, pamoja na RAM na hifadhi ya data, kipimo cha michoro kinachorudiwa mfululizo kwa dakika 20, kama kile cha 3DMark, na kutaja asilimia ya kasi iliyobaki katika mzunguko wa mwisho ikilinganishwa na ule bora kuliko yote, pamoja na asilimia ya chaji iliyoliwa. Kifaa kinachoanza na alama nyingi na kumaliza na nusu yake kipewe alama za ile nusu. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kinahitaji kipimajoto, na kifanyike saa nane mchana chini ya paa la bati, kwa sababu ndiko kifaa kitakakotumika.